Jiwe Jeusi la Al Qabil

Mulazim Shukriya, afisa wa polisi mjini Ibra, Oman, alikuwa na maelezo ya watu wawili waaminifu, na maelezo hayo yalikataa kukaa katika faili moja.

Ya kwanza yalikuwa ya Marzouq, jirani anayeuza vipuri vya magari, mtu asiyekuwa na ugomvi na yeyote mjini. Alisema kuwa Ijumaa asubuhi, kabla watu hawajaanza kuelekea msikitini, alimwona yule kijana Khalifa akitoka nyumbani kwa Ustadh Marhoun amekumbatia kitu kizito kilichofungwa kwa kanga. Alikitia nyuma ya gari lake taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, akaondoka. Ya pili yalikuwa ya Ustadh Marhoun mwenyewe, mwenye kuibiwa. Yeye aliapa kwamba aliporudi kutoka sala ya Ijumaa jiwe lake la kale lilikuwa pale pale mezani, chini ya kitambaa chake cha kijani, na kwamba lilitoweka baina ya alasiri na magharibi. Wakati huo Khalifa alikuwa Nizwa, kazini, mbele ya wenzake tele.

Kwa hiyo kijana alionekana akilichukua jiwe wakati lilikuwa bado halijapotea, na lilipopotea hakuwapo.

Sajini Turki, msaidizi wake, alikuwa na dawa nyepesi ya jambo hilo. "Mzee kachanganyikiwa, Mulazim. Macho yake yenyewe ndo hayo. Tufunge faili, khalas."

Shukriya hakulifunga. Alikuwa akiigeuzageuza bahasha ya plastiki yenye chengachenga nyeusi zilizookotwa nyuma ya gari la Khalifa. Zilikuwa na vitundu vidogo vidogo, kama kipande cha mkate wa kumimina. Khalifa alikamatwa Jumamosi. Alipoulizwa alichokuwa amebeba asubuhi ile, alinyamaza. Hakukana, hakukubali. Leo ilikuwa Jumapili, mwendesha mashtaka alitaka faili Jumatatu asubuhi, na wizi wa kitu cha kale si wizi wa kuku. Kijana angepoteza kazi yake kwenye kampuni ya kupima udongo wa barabara, na angepoteza na Rawya, mjukuu wa Ustadh Marhoun, ambaye wazee wa Khalifa walikwishampelekea posa na mpaka leo hawajapewa jibu.

Alichukua funguo za gari, akamwambia Turki amfuate. Alitaka kuiona ile meza kwa macho yake.

Ustadh Marhoun alikuwa amesomesha historia skuli za Unguja kabla ya mapinduzi, kisha akasomesha tena Ibra hata alipostaafu. Aliwapokea kwenye majlisi, chumba cha wageni, akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, fimbo mkononi. Shukriya alimwamkia shikamoo, na mzee alipokwisha kuitikia marahaba akamwuliza yeye wa wapi kule. Shukriya akasema Tabora, aliletwa Oman angali mtoto.

"Aa," alisema mzee. "Wa bara." Alilisema bila ubaya, kama daktari anayeandika homa ya mgonjwa.

Khalifa naye alikuwa wa bara. Wazee wake walitoka Bujumbura. Shukriya aliliweka hilo mahali pake, akaomba aelezwe habari ya jiwe tangu mwanzo.

Mzee alieleza vizuri, kama yuko mbele ya darasa. Mwaka juzi mvua ziliangusha pembe ya ghala la tende la ukoo wao, huko Al Qabil. Alipokwenda kutazama hasara, aliliona jiwe limo ukutani, jeusi, ukubwa wa trei ya kahawa, lina herufi za Kirumi. Alilitoa, akaja nalo nyumbani, akaanza kusoma vitabu usiku na mchana. Herufi zile zilikuwa za jina la Lejioni ya Tatu ya Kirene, jeshi la Warumi la maelfu ya askari wa miguu, lililowekwa mpakani mwa dola yao katika mji wa Bosra, kusini ya Sham, yaani Syria ya leo. Kazi yao ilikuwa kuulinda mpaka wa jangwa dhidi ya makabila ya Waarabu. Walichimba visima, walijenga barabara kutoka Sham hata Bahari ya Sham, na mkubwa wao mmoja aliacha maandishi hata Jawf, ndani kabisa ya Bara Arabu.

"Watu wanafikiri mpaka ni ukuta," alisema Ustadh Marhoun. "Mpaka ni askari mwenye kiu, yuko mbali na kwao, anachonga mawe kutwa. Na hawa, mwanangu, waliitwa watu wa Kirene, wala hapakuwa na aliyekuwa akiijua Kirene. Jina lilihama nao kutoka Libya hata Misri, kutoka Misri hata Bosra. Wakaoa huko, wakazaa, na watoto wao wakaandikwa jeshini kwa jina lile lile."

Basi ikiwa jiwe lao limeonekana Al Qabil, aliendelea, kuna kikosi chao kilichofika Oman, labda kwa ajili ya shaba, na hilo hakuna kitabu kinacholisema isipokuwa chake, kilichobaki sura moja tu kumalizika. Jumatano angekuja profesa kutoka ng'ambo pamoja na watu wa wizara kulitazama. Sasa hakuna cha kutazamwa.

Shukriya alimwuliza kama aliwahi kugombana na Khalifa. Mzee alikunja uso. Ndiyo. Kijana yule alilishika jiwe mara moja tu, akaligeuza, kisha akasema mbele ya Rawya kwamba jiwe hilo si la Oman. Mzee akamtoa nje. Ndiyo maana alimtaja yeye. Mtu aliyeshindwa kulikanusha jiwe kwa hoja, alisema, kaliondoa kwa mikono.

"Lakini Ustadh," alisema Shukriya, "wewe mwenyewe unasema baada ya sala lilikuwapo. Na baada ya sala Khalifa hakuwapo."

"Lilikuwapo. Na kaiba yeye."

"Vyote viwili haviwezi kuwa kweli."

"Hiyo ndiyo kazi yako," alisema mzee. Ilikuwa wazi kwamba jambo hilo lilikuwa likimtesa kuliko alivyotaka kuonyesha. Watu walikwishaanza kunong'ona kuwa akili zinamwacha, na hakujua aliogope lipi zaidi, kwamba hawasemi kweli au kwamba wanasema.

Shukriya alimwuliza kama baada ya sala aliligusa jiwe, au alilifunua. Mzee alifikiri sana. Hapana. Aliona kilima chake chini ya kitambaa, kama kila siku, akapita kwenda kula.

Meza ilikuwa pembeni, na tangu juzi hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kitambaa cha kijani kilikuwa kimekunjamana juu yake. Shukriya alipiga magoti. Mstari wa sisimizi ulikuwa ukitoka kwenye ufa wa dirisha, ukipanda mguu wa meza, ukizunguka pindo la kitambaa na kurudi. Aliligusa pindo. Lilikuwa linanata, na kidole kilipofika puani kilinukia samli na iliki.

Turki aliinama naye. "Sisimizi wa Kirumi," alisema.

"Sisimizi hawali jiwe," alisema Shukriya.

Rawya aliwafuata mpaka mlangoni, amevaa abaya yake ya kazini, macho yamemvimba. Alisema Ijumaa hakuona kitu, maana alilala mpaka karibu na adhuhuri. Shukriya akamwuliza ndani ya nyumba ile nani anayevaa kanga. Msichana alishangaa. Yeye hana hata moja. Kanga ni za bibi yake, Bi Kuruthum, dada yake Ustadh Marhoun, mjane anayekaa nao. Bibi hakuwapo sasa. Ijumaa alasiri alipata gari la kumpeleka Sur, kwa bintiye Tufool aliyejifungua, na babu alikataza asipigiwe simu kuambiwa haya mambo, kwa sababu ya presha yake.

"Alikwenda mikono mitupu?" aliuliza Shukriya.

"Alichukua halwa ya wageni wa mzazi. Kopo kubwa la bati." Kisha Rawya akapunguza sauti. "Mulazim, kama kweli Khalifa kaiba, niambie miye kwanza. Kabla ya babu. Sijui tena nimwamini nani humu ndani."

Waliporudi kituoni walikuta habari iliyovuruga kila kitu. Sonara mmoja wa suku ya Nizwa, soko la huko, alikuwa amepiga simu kusema Jumamosi aliuziwa jiwe jeusi lenye maandishi na kijana asiyemjua. Turki alifurahi, akawataka polisi wa Nizwa walilete. Shukriya alikaa na kichwa mikononi. Ikiwa ni lenyewe, halwa na sisimizi na kanga vyote vilikuwa upuuzi wake mwenyewe. Jiwe lilipofika lilikuwa la kusagia wanja, na maandishi yake yalikuwa jina la mwanamke kwa Kiarabu, limekwanguliwa kwa msumari. Turki alilirudisha kwenye boksi.

Ndipo Shukriya akamwita Khalifa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, na kanzu yake nyeupe ilikuwa imekunjamana kwa kulaliwa. Alimwamkia kwa adabu. Shukriya hakumwuliza alichobeba. Alimmwagia zile chengachenga mezani.

"Ulimwambia Ustadh Marhoun jiwe si la Oman. Ulijuaje?"

Kijana alizitazama, na kwa mara ya kwanza akasema zaidi ya ndiyo na hapana. "Hii ni jiwe ya volkeno. Hizi tundu ni hewa, ilikuwa inatoka wakati jiwe bado moto. Milima yetu ya Ibra nyeusi pia, lakini si hivi. Huku hakuna hii, Mulazim. Mimi napima mawe kila siku."

"Iko wapi, basi?"

"Yaman iko. Sham iko, sana. Bosra nyumba zote nyeusi, zimejengwa na hii."

Shukriya alihisi kichwa kinamzunguka. Ikiwa jiwe ni la Bosra, lilikuwa jiwe la lejioni la haki, si la kughushi. Na ikiwa ni la haki, lilifikaje kwenye ukuta wa ghala la tende, ikiwa si kwa miguu ya askari? Mzee angeweza kuwa amesema kweli, na kijana naye pia. Kila aliyemhoji alikuwa akisema kweli, na kweli zote zilikuwa zikipigana.

"Bi Kuruthum alikuomba ubebe nini?" aliuliza ghafla.

Khalifa alitazama ukuta. "Sina la kusema," alijibu. Lakini alikuwa amechelewa kidogo.

Njia ya Sur inapita Al Qabil. Shukriya alimwambia Turki akate kushoto, waingie mashambani. Ghala lilikuwa nyuma ya mitende, kuta zake za matofali ya udongo zimeinama, na ile pembe iliyoanguka ilikuwa bado haijajengwa. Karibu nayo lilikuwapo tundu ukutani, la mstatili, ukubwa wa trei ya kahawa.

Shukriya aliingiza mkono ndani ya tundu akapapasa kingo zake. Kisha akamwita Turki naye apapase.

"Kugumu," alisema Turki.

"Angalia rangi."

Ukuta mzima ulishikana kwa udongo wa kuchoma, ule wa wazee. Lakini ndani ya tundu, pande zote nne, ulibaki ukingo wa kijivu, laini, wenye alama ya mwiko. Ilikuwa simenti ya mfuko. Aliyeliweka jiwe hapo hakuwa Mrumi wala babu wa babu. Alikuwa mtu aliyekwenda dukani kununua simenti, na huku ndani ya nchi simenti haikuanza kuonekana ila miaka ya sabini. Ustadh Marhoun alisimama mbele ya tundu hili mwaka juzi. Lakini yeye alikuwa akitazama herufi, hakutazama ukuta.

Alimpigia mzee simu hapo hapo, akamwuliza nani aliyewahi kulitengeneza ghala. Mzee alijibu bila kufikiri kuwa lilijengwa na babu yao, likatengenezwa na shemeji yake, marehemu Himid, mume wa Kuruthum, waliporudi Oman. Na kabla ya kurudi, Himid alikuwa wapi? Alikuwa akisomea uganga wa mifugo, alisema mzee, huko Damascus. Alisema neno hilo akapita, akauliza kama pana habari yoyote ya jiwe. Hakujisikia alichokisema, kwamba Damascus ni Sham, na Bosra haiko mbali nayo.

"Bado, Ustadh," alisema Shukriya.

Nyumba ya Tufool mjini Sur ilijaa wanawake waliokuja kumtazama mzazi. Bi Kuruthum alikuwa ukumbini na kitoto kifuani, mwanamke mnene mwenye uso wa utulivu, amejifunga kanga moja na nyengine begani. Shukriya alimwamkia, akambusu mkono, akakaa. Waliwekewa kahawa na halwa, na halwa ilitolewa kwenye kopo kubwa la bati, la mstatili. Urefu wake na upana wake Shukriya alikuwa anaujua tayari, tangu penye tundu la ghala.

Alingoja wageni wapungue. Kisha akamwambia polepole kwamba Khalifa yumo mahabusu tangu Jumamosi kwa wizi wa jiwe la Ustadh Marhoun.

Bi Kuruthum alimpa bintiye mtoto. Rangi yake ilibadilika. "Nani kamfunga?"

"Mimi, Bi Kuruthum."

"Na yeye hakusema?"

"Hakusema neno."

Mwanamke yule aliweka viganja vyake juu ya magoti, akavitazama. Hapakuwa na haja ya kumhoji. Aliongea mwenyewe, kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili cha mjini Unguja kilichonyooka, na Turki aliyezoea maungamo ya wezi hakujua atazame wapi.

Jiwe lilikuwa la mumewe. Himid alipokuwa mwanafunzi alikuwa na rafiki wa Bosra, na likizo alikuwa akienda kukaa kwao. Huko mawe ya Warumi yamejengewa nyumba, mazizi, mabanda ya kuku. Banda moja lilipobomoka rafiki yake alimpa jiwe lile kwa ukumbusho, naye akalitia sandukuni, akahama nalo nchi hata nchi. Walipopewa ghala la kutengeneza, alilipachika ukutani kwa sababu alipenda kuliona akipanga tende. Alipokufa, mkewe hakulifikiria tena, mpaka siku ile kakaye alipoingia nalo nyumbani analibeba kama mtoto mchanga, machozi yanamtoka, anasema Warumi walifika kwetu.

"Alikuwa kafiwa na mkewe, hali, hasemi na mtu," alisema Bi Kuruthum. "Siku ile akala. N'kasema ntamwambia kesho. Kesho akaanza kuandika. Na kila siku iliyopita maneno yakawa mazito zaidi mdomoni. Sasa nasikia profesa anakuja, na watu wa serikali, na gazeti. Watamcheka mpaka kaburini. N'kamwomba Khalifa, kwa kuwa yeye peke yake alikwishajua jiwe si la hapa. N'kamwambia akalitupe penye wadi, kwenye mkondo mkavu, mvua zilichukue. N'kamwapisha asimwambie mtu."

"Na halwa?"

"N'liiweka chini ya kitambaa makusudi, Marhoun akirudi msikitini akione kilima. Alasiri naondoka na halwa yangu, jiwe limepotea, na Khalifa yuko Nizwa tangu asubuhi. Nani atamtia maneno kijana wa watu?" Alinyamaza. "N'likuwa namlinda. Kumbe ndio n'namfunga kwa mikono yangu."

Shukriya alimwambia jambo ambalo hakuwa na hakika nalo kisheria, lakini aliona ni la haki, kwamba mtu haibi mali ya mumewe. Bi Kuruthum aliomba abaya yake.

Jumatatu asubuhi mwendesha mashtaka alisikiliza maelezo ya Bi Kuruthum, akauliza maswali mengi, akasema haoni wizi, ila jiwe lenyewe alitaka lionekane. Khalifa alitolewa. Alipomwona Bi Kuruthum amesimama ofisini alielewa, na alipoulizwa tena alijibu mara moja. Hakuweza kulitupa wadini. Jiwe lililochongwa na mtu hulitupi, alisema. Alilipeleka Tanuf, kwenye magofu ya karibu na Nizwa.

Walikwenda kwa magari mawili. Ustadh Marhoun alikuwa amekwishaelezwa yote na dadake, nyumbani, mlango umefungwa, na hakuna aliyejua walisemezana nini. Njia nzima alikaa kiti cha nyuma pamoja naye bila kumtazama. Kisha alimwuliza Shukriya ikiwa ana hakika ni simenti. Shukriya akasema anayo. Baada ya muda mrefu mzee akauliza tena swali lile lile, kama kwamba halijapata kuulizwa.

Tanuf ya zamani imebaki kuta za udongo zilizokatikakatika, na nyuma yake mlima. Khalifa alitangulia kwenye vichochoro, akakosa njia, akarudi, akakosa tena. Kila nyumba ilifanana na mwenzake. Hatimaye aliinama chini ya tao la mlango, kwenye shubaka ambalo watu wa nyumba ile labda waliwekea taa. Jiwe lilikuwamo, uso umegeukia ukutani.

"Niligeuza makusudi," alisema. "Asije mwengine akaona, akafikiri vingine."

Ustadh Marhoun aliomba ligeuzwe. Alipitisha kidole juu ya herufi, moja moja, midomo inacheza. Halafu akauliza kama ni la kweli, ikiwa si la hapa. Khalifa alisema maandishi hayajui, lakini jiwe ni la kule hasa, na yeyote aliyelichonga alilichonga kule. Alieleza habari ya moto na hewa na vitundu. Mzee alisikiliza, akauliza hili, akauliza lile, na alipokosa kuelewa alitaka arudiliwe.

Kisha akamgeukia dadake. "Ulikuwa ukinicheka?"

"Sijakucheka hata siku moja, Marhoun. N'likuwa nakuogopea."

Mzee alitikisa kichwa. Alisimama hapo akitazama kuta kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Hatimaye alimwambia Khalifa, "Na wewe kwa nini hukujitetea? Umelala ndani kwa ajili ya jiwe."

"Bi Kuruthum aliniapisha," alisema Khalifa. "Na wewe, Ustadh, hukuniuliza. Ulinishitaki tu."

Turki alikohoa. Shukriya alitazama pembeni.

"Kweli," alisema Ustadh Marhoun. "Nimekudhulumu." Alilisema kwa ukavu, na ilikuwa dhahiri kwamba hakuzoea kulisema. Shukriya, kwa kuwa kazi ni kazi, akamwuliza kama anafuta mashtaka yake. Mzee alisema yamefutika, akaulizwe kijana kama yeye hamshitaki.

"Sina mashtaka," alisema Khalifa. "Nataka jibu. Ya Rawya. Mama yangu anangoja tangu Ramadhani."

Watu wote walimtazama mzee. Yeye alikuwa akilitazama jiwe.

"Hilo muulize mwenyewe Rawya," alisema. "Miye nimekosea katika jiwe, nimekosea katika mtu. La tatu siliwezi."

Simu ya Khalifa ilikuwa imesahauliwa kituoni, ndani ya bahasha ya vitu vya mahabusu. Shukriya alimpa yake. Kijana alikwenda nayo nyuma ya kuta, akatafuta mahali penye mtandao, akasimama amewapa mgongo. Walimwona akisema kidogo, kisha akisikiliza kwa muda mrefu. Kwa mgongo wake mtu asingeweza kujua kitu. Bi Kuruthum alikuwa akivuta tasbihi. Turki alinong'ona kuwa mambo yameharibika, maana mwanamke akiongea sana hivyo ni kukataa, na Shukriya akamwambia anyamaze, ingawa naye alikuwa amefikiri vivyo hivyo.

Khalifa alirudi polepole. Alimrudishia simu kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua limempata jambo gani.

"Amesema nini?" aliuliza mzee.

"Hajajibu," alisema Khalifa. "Amelia kidogo. Kisha ameniuliza kama nimekula."

Ustadh Marhoun alimtazama dadake, dadake akamtazama yeye, kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha mzee alikokota fimbo yake, akatangulia kuelekea magarini, akiwaambia bila kugeuka wafanye haraka, Ibra ni mbali, na kijana ana njaa.